Sura ya Saba: Njumu za Mbao kwenye Kisu cha Kukunja

Kati ya sehemu zote za kisu cha kukunja, njumu ya mbao ndiyo inayoharibika taratibu zaidi, na ndiyo inayosingiziwa sababu nyingi zisizo zake. Bapa likishika kutu, mwenye kisu huiona siku hiyohiyo; springi ikichoka, kidole huihisi; lakini kipande cha mbao kilichopachikwa mpinini husinyaa, huvimba, hupauka na kulegea kidogo kidogo, na kwa kawaida hugunduliwa pale ukucha unapokwama kwenye ukingo ambao zamani haukuwepo. Hapo ndipo hutafutwa mafuta ya kupikia, au gundi, au ndoo ya maji, na mara nyingi tiba hizo ndizo zinazomaliza kile ambacho hali ya hewa ilikuwa imekigusa tu. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, ambako kisu kimoja huweza kuloweshwa alfajiri na kuchomwa na jua saa sita mchana, jambo la kuogopwa ni kupishana kwa unyevu na ukavu ndani ya mbao, na karibu kila kanuni ya utunzaji inayofaa hapa inalenga kupunguza kasi ya kupishana huko, kwa kuwa kukuzuia kabisa hakuwezekani.

Njumu ni pambo linalopachikwa katika uso wa kitu kingine baada ya kuchimbiwa nafasi yake, mpaka viwili hivyo vikawa uso mmoja unaopapaswa bila kukwaruza. Kazi hiyo ni ya kale katika Afrika Mashariki: mafundi wa Lamu na Siyu walipachika pembe na mifupa katika mbao nyeusi za viti vya enzi, na mafundi wa Ukambani walizungusha waya wa shaba nyekundu katika vigoda vya wazee. Kwenye kisu cha kukunja njumu hukaa upande wa mpini, ambao kwa kawaida umejengwa kwa mabati mawili membamba ya ndani, springi ya mgongo inayolibana bapa, pini ya mzunguko ambayo bapa hugeukia, na vibao viwili vya nje vinavyoshikwa na mkono. Kibao kinaweza kuwa cha mbao chenye njumu za chuma, au cha chuma chenye njumu ya mbao, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mtunzaji, kwa sababu katika hali ya kwanza mbao ndiyo inayokibana chuma, na katika ya pili chuma ndicho kinachoibana mbao.

Mfano wa hali ya kwanza unaofahamika zaidi barani Afrika ni kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake barani, ambayo wakati huo yalifika hadi Mwanza na Bukoba katika fukwe za kusini na magharibi za ziwa hili, na ambacho tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mbao umepambwa kwa nyota na miezi michanga ya bati, na bapa lake ni la chuma cha kaboni, yaani chuma kinachonoleka kwa urahisi lakini kinachoshika kutu kikiachwa na maji. Mfano wa hali ya pili ni Buck 110 ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1964, ambamo kibao cha mbao kimelazwa kati ya vichwa viwili vya shaba ya manjano. Na wa karibu zaidi na siku hizi ni Sebenza ya Chris Reeve, fundi aliyehamia Marekani kutoka Afrika Kusini mwaka 1989, ambaye baadhi ya visu vyake vina vipande vyembamba vya mbao vilivyozamishwa katika mpini wa titani. Opinel ya Ufaransa haina njumu, lakini inatajwa hapa kwa sababu mpini wake wa mti wa biichi ni shahidi mzuri: ukiloa sana huvimba na kulibana bapa ndani ya mfereji wake hata lisifunguke, na kila aliyewahi kuvuta bapa hilo kwa meno anajua nguvu ya mbao iliyokunywa maji.

Mbao na hewa ya ziwa

Mbao iliyokwisha kukatwa, kukaushwa na kupigwa msasa haijaacha kushughulika na maji. Hufyonza mvuke kutoka hewani na kuurudisha, mpaka kiasi cha maji ndani yake kilingane na unyevunyevu wa hewa inayoizunguka. Hali hiyo ya kulingana huitwa kiwango cha mizani. Unyevunyevu wa hewa ukiwa asilimia 65 hivi, mbao nyingi hutulia zikiwa na maji yapatayo asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Ukipanda hadi 80, hutulia karibu na 16. Ukishuka hadi 40, hubaki na 7 au 8. Kisu kilichotengenezwa na kuhifadhiwa katika nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, ambamo hewa hukauka sana, kikiletwa zawadi Kisumu mwezi wa Aprili huanza kunywa maji siku ya kwanza kabatini, hata kama hakijawahi kugusa tone.

Kuvimba huko hakuendi sawa pande zote. Nyuzi za mti zimelala kama mganda wa matete, ambao ukiloweshwa hunenepa ubavuni lakini hauongezeki urefu. Ndiyo maana mbao hutanuka sana kukata nyuzi, na karibu haitanuki kabisa kufuata nyuzi. Hata ubavuni kuna pande mbili: kufuata duara za ukuaji wa mti mbao hucheza karibu mara mbili ya inavyocheza kutoka kiini kwenda kwenye gamba. Kwa biichi, kipande chenye upana wa milimita 10 kilichokatwa kufuata duara hizo, maji yake yakibadilika kwa asilimia 4 tu, hubadilika upana kwa kiasi cha milimita 0.17, unene unaokaribia karatasi mbili za daftari. Shaba ya manjano yenye upana huohuo, joto likipanda kwa nyuzi 15 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, hutanuka milimita 0.003 tu. Titani hutanuka chini ya nusu ya hapo. Vitu viwili vilivyopachikwa pamoja, kimoja kikitembea zaidi ya mara 50 kuliko kingine, haviwezi kuelewana bila mmoja wao kuumia, na anayeumia ni mbao.

Kisumu iko ukingoni mwa Ghuba ya Winam, mita 1,130 hivi juu ya bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, ndogo huja kuelekea mwisho wa mwaka, na Januari na Februari ndiyo miezi ya ukavu na joto kali, ingawa hata katika miezi hiyo upepo wa ziwa hauachi kuleta unyevu. Mabadiliko ya misimu, hata hivyo, huenda polepole, na mbao nzuri huyafuata bila malalamiko. Yanayoitesa njumu ni mabadiliko ya siku moja. Kisu cha mvuvi wa Dunga, Usenge au Mbita hutoka mfukoni kabla ya jua kuchomoza ili kukata uzi wa nyavu au kamba ya ndoano, hushikwa na mkono uliolowa kwa saa tatu au nne, kisha hulazwa juu ya ubao wa mtumbwi au kwenye dashibodi ya gari la samaki, ambako jua hukichoma mpaka mpini hauwezi kushikika. Kipande chenye unene wa milimita tatu kisicho na kinga hupokea na kutoa maji ya kutosha kwa saa hizo chache, na tabaka la juu hukauka na kusinyaa wakati tabaka la chini bado limevimba. Nyufa ndogo zisizozidi upana wa unywele, zinazoonekana kwanza kwenye ncha mbili za njumu, huzaliwa hapo.

Kwamba huanzia kwenye ncha si bahati mbaya. Katika ncha, mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini imekatwa na kubaki wazi, na hapo mbao hunywa kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko ubavuni. Fundi mwangalifu huziba ncha hizo kwa mafuta au gundi nyepesi kabla ya kupachika kipande. Fundi wa haraka hung'arisha uso unaoonekana na kuacha ncha na sehemu ya chini zikiwa tupu, na kisu chake hupendeza dukani kuliko kinavyopendeza baada ya masika ya kwanza.

Somo la jembe

Katika vijiji vya Nyanza, kama ilivyo karibu kila mahali Afrika Mashariki, jembe au shoka likilegea mpini hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi huwa limekaza. Dawa hiyo inafanya kazi, na ndiyo maana imedumu. Lakini mwenye jembe anajua pia kwamba baada ya siku chache za jua mpini hulegea tena, safari hii zaidi ya mara ya kwanza, na kwamba jembe lililozoea ndoo halitoki tena kwenye ndoo. Sababu ni kwamba mbao inayovimba ikiwa imebanwa na chuma haina pa kwenda, hivyo chembe zake hujiponda zenyewe kwa ndani. Na ikikauka, husinyaa kuanzia kwenye umbo lile lililopondwa, na matokeo yake ni kipande chembamba kuliko kilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Kila mzunguko wa kulowa na kukauka huiba kidogo.

Njumu ya mbao iliyobanwa na chuma inapita njia hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba mpini wa jembe una unene wa kuvumilia miaka na njumu ina milimita tatu. Kuloweka kisu ili njumu ikaze, kwa hiyo, ni njia ya uhakika ya kuilegeza, na kukiosha kisu kwa kukiacha ndani ya karai pamoja na sahani ni kuloweka kwa jina lingine.

Kanuni ya pili inatoka hapohapo, nayo hupuuzwa hata na mafundi wazuri. Pengo dogo linaloonekana kati ya njumu na chuma mwezi wa Februari, kisha likajifunga lenyewe mwezi wa Aprili, halipaswi kuzibwa. Pengo hilo ni nafasi ya kupumulia. Likijazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi wakati wa ukavu, kisu hupendeza kwa wiki sita, lakini masika yakifika mbao huvimba na kuukuta ukuta mgumu mahali palipokuwa wazi. Ama hujiponda kwa ndani kama mpini wa jembe, ama huinuka katikati na kujibandua, na wakati mwingine huichana gundi iliyoishika chini. Mwenye kisu aliyeona pengo kwa mara ya kwanza anashauriwa kusubiri kupita misimu miwili kabla ya kuamua kama kuna kasoro. Subira hiyo ni ngumu kwa mtu mwenye gundi mkononi, lakini imeokoa njumu nyingi kuliko gundi.

Uchafu wa ziwa na uchafu wa shamba

Kabla ya kusafisha, ni lazima kujua mbao imevaa nini. Mbao ya kisu huja katika moja ya hali nne: tupu, iliyonyweshwa mafuta, iliyopakwa vanishi, au iliyojazwa plastiki, yaani iliyowekwa ndani ya chombo, ikaondolewa hewa na kunyweshwa utomvu wa kiwandani unaogandia ndani ya mirija yake. Tone moja la maji likiwekwa juu ya njumu kwa dakika mbili hutoa sehemu kubwa ya jibu: likizama na kuacha doa jeusi, mbao ni tupu au mafuta yake yamekwisha, likibaki limejikusanya, kuna kinga. Mbao iliyojazwa plastiki haihitaji mafuta, wala hayaingii, na kuipaka ni kuivalisha koti la vumbi. Hiyo hutosheka na kitambaa, na nta kidogo mara chache kwa mwaka.

Uchafu unaoipata njumu mwambaoni ni wa aina mbili, na kila mmoja una desturi yake. Wa kwanza ni mafuta ya samaki. Sangara ni samaki wa mafuta mengi, na mafuta ya samaki yana tabia ya kushikana na hewa upesi na kugeuka kuwa utando wa kahawia unaonata, unaonuka, na usiotoka kwa maji ya baridi. Yakifutwa siku hiyohiyo kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kukamuliwa mpaka kisidondoshe, huondoka bila shida; yakiachwa wiki moja, huhitaji spiriti na mswaki laini, na spiriti huondoa pia mafuta mema yaliyokuwa yakiilinda mbao. Ndimu, ambayo wengi huikimbilia kwa ajili ya harufu, hufaa kwa mikono kuliko kwa kisu, maana asidi yake huanza kulila bapa la chuma cha kaboni ndani ya dakika chache. Katika viwanda vya minofu vya Kisumu tatizo hili halipo, kwa kuwa humo hutumika visu vya mpini wa plastiki vinavyoweza kuoshwa kwa dawa kali bila kunywa chochote. Visu vya kukunja vya mbao ni vya mfukoni, vya ufukweni na vya shambani.

Uchafu wa pili, ambao haupewi uzito unaostahili, ni maji ya miwa. Kuanzia Miwani na Kibos hadi Chemelil na Muhoroni, nyuma kidogo ya mji, mashamba ya miwa yametanda, na kisu cha mfukoni katika eneo hilo humenya miwa kuliko kinavyofanya kazi nyingine yoyote. Sukari hukauka ndani ya mfereji wa bapa na kwenye ukingo wa njumu, hushika vumbi, na unyevu ukipanda huyeyuka tena na kulisha kuvu, ambayo huonekana kama madoa madogo meusi yanayofuata nyuzi za mbao. Kwa bahati nzuri sukari huyeyuka kwa maji matupu ya uvuguvugu, mradi kisu kifunguliwe, mfereji usuguliwe kwa mswaki, na maji yafutwe mara moja. Kisha kisu kiachwe wazi kivulini mpaka kikauke, kamwe kisianikwe juani.

Chumvi nayo iguswe kwa kifupi. Wanaotia samaki chumvi kwa ajili ya kusafirishwa huweka chembe zake kila mahali, na chumvi, hewa ikipita unyevunyevu wa asilimia 75, huvuta maji na kujigeuza kuwa tone. Chembe moja iliyofichika chini ya ukingo wa njumu inatosha kuanzisha kutu katika bati la ndani.

Mafuta, nta na shaba

Swali la mafuta gani yapakwe lina jibu la kikemia. Mafuta ya mimea yamegawanyika kati ya yale yanayokauka, yaani yanayoungana na oksijeni ya hewa na kuwa utando mgumu, na yale yasiyokauka kamwe. Mafuta ya kitani, yanayokamuliwa kutoka katika mbegu za mmea wa kitani na kuuzwa katika maduka ya rangi, ni ya kundi la kwanza. Ya nazi na ya mbarika ni ya kundi la pili. Ya alizeti na ya simsim yamekaa katikati, yakikauka nusu na kunata nusu, na pengine hayo ndiyo mabaya kuliko yote kwa mpini, kwa sababu huonekana yamefaa kwa mwezi mmoja kisha huanza kunuka kama sufuria ya jana. Jikoni kuna mafuta mengi mazuri, ila hakuna hata moja linalostahili kupakwa kwenye njumu.

Mafuta ya kitani yaliyotiwa vikausho hukauka kwa siku moja au mbili. Yale mabichi huchukua siku nyingi. Hupakwa tabaka jembamba kwa kitambaa, huachwa yapate dakika 15 au 20, kisha yote yaliyobaki juu hufutwa mpaka uso uonekane mkavu. Tabaka la pili hungoja siku inayofuata. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene, kwa kuwa nene hukauka juu na kubaki tope chini. Tahadhari moja haina mjadala: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha joto chenyewe mafuta yanapoungana na hewa, na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti; kwa hiyo hutandazwa nje kikakauka, au huzamishwa ndani ya maji. Vikausho vya mafuta hayo huwa ni chumvi za metali, hivyo kisu kisirudishwe kwenye chakula kabla ya mafuta kukauka kabisa.

Juu ya mafuta huja nta ya nyuki, ambayo haizuii mvuke kwa muda mrefu lakini hufukuza matone na kuupa mkono mshiko mzuri. Sehemu moja ya nta na tatu za mafuta ya kitani huyeyushwa pamoja katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko lenyewe, na mchanganyiko ukipoa huwa laini wa kupakwa kwa kidole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi na kulainika mapema zaidi, hivyo kisu kilichoachwa kwenye dashibodi hutoa jasho la nta na kuokota vumbi lote la safari.

Pini ya mzunguko ina mahitaji tofauti, na hapa ndipo mtunzaji mwenye bidii hufanya madhara. Mafuta ya cherehani, ambayo ni ya madini na hayakauki, ndiyo yanayofaa pini, lakini yakimiminwa hutambaa kati ya bati na kibao, huingia chini ya njumu, hudhoofisha mshiko wa gundi na kuacha kivuli cheusi kinachotokeza juu baada ya wiki. Tone moja linalobebwa kwa ncha ya sindano linatosha. Bapa hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na mafuta yatakayotokeza hufutwa.

Shaba huleta mambo mawili. Pale mafuta yanapokaa muda mrefu kando ya pini au mapambo ya shaba, asidi za mafuta hayo huungana na shaba na kufanya ute wa kijani, ambao hutolewa kwa kijiti cha meno na spiriti, ukiwahiwa kabla haujaipaka mbao rangi. La pili ni polishi. Polishi nyingi za shaba zina amonia na unga laini wa kusugulia, na unga huo hujaa katika vinyweleo vya mbao na kubaki kama chokaa nyeupe isiyotoka. Njumu na mbao yote ya jirani hufunikwa kwa selotepu kabla ya polishi kufunguliwa, au shaba iachwe ipate weusi wake, ambao haudhuru chochote na, kwa macho ya wengi, huupendeza mpini wa zamani.

Chuma cha kaboni kina doa lake la pekee. Mbao nyingi zina tanini, dutu ileile inayoipa chai ya rangi ukakasi, na tanini ikikutana na chuma kilicholowa hufanya rangi nyeusi yenye ubluu, ambayo ni ndugu wa wino wa zamani. Doa hilo si kuvu wala si uchafu, na sabuni hailigusi. Maji ya ndimu yaliyopakwa kwa pamba ya sikio juu ya doa pekee, yakaachwa dakika chache na kufutwa kwa maji safi, hulipunguza. Asidi ya oksaliki hulitoa kabisa, lakini ni sumu na inahitaji glavu na uangalifu. Doa likirudi mahali palepale, maji bado yanaingia, na kazi halisi iko kwenye ukingo wa chuma.

Njumu inapong'oka

Njumu iliyopasuka kutoka ncha hadi ncha, au iliyotobolewa na vidudu, haifai kuuguzwa. Vidudu hivyo vidogo hutaga katika mbao ya nje ya mti, ile nyeupe iliyo karibu na gamba na yenye wanga, na dalili yake ni unga laini kama wa ngano unaodondoka kwenye matobo yenye upana wa milimita moja au mbili; kiini cha mti, chenye rangi iliyokolea, huwa hawakigusi. Kisu kikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, vidudu hufa, ingawa matobo hubaki.

Kwa kipande kipya, mtu wa Kisumu hana haja ya kwenda mbali. Katika karakana za samani za soko la Kibuye mabaki ya mvule hutupwa kila siku, na mvule ni mbao tulivu, isiyovimba sana, yenye mafuta yake ya asili, japo mara nyingine huficha vijiwe vigumu vya chokaa vinavyovunja makali ya msumeno. Siala, mti unaopandwa sana kuzunguka maboma ya Waluo na unaosifiwa kwa kustahimili mchwa, hutoa kipande chepesi chenye rangi ya asali. Mpingo unapita yote kwa uzito na utulivu, hata kipande chake huzama majini, nao hupatikana kama masalio ya wachonga vinyago. Lakini tangu Januari 2017 jamii yake yote imo katika orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa, jambo la kukumbukwa na anayetaka kusafirisha mbao hiyo. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha pua na ngozi za watu wengi, na kitambaa cha kufunika pua si anasa. Mafuta ya asili ya mpingo yana hila nyingine: huzuia mafuta ya kitani kukauka na gundi kushika, hivyo mpingo hupakwa nta peke yake, na upande wake wa chini hukwaruzwa kwa msasa na kufutwa kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi kupakwa.

Kipande kilichokatwa kwa vipimo vya takriban huachwa wiki mbili au tatu katika chumba kitakamokaa kisu, ili kifikie mizani yake, na nyuzi zake hupangwa zifuate urefu wa mpini. Gundi ya epoksi ya sehemu mbili, inayokauka taratibu, inafaa kuliko supagluu, ambayo ni ngumu mno na huvunjika mbao inapotembea. Kuhusu kubana, msimu ndio unaoamua. Kazi ikifanyika Februari, mbao ikiwa kavu kabisa, upana wake huachiwa nafasi ya milimita 0.1 au 0.2 kila upande, na ncha mbili hukazwa mpaka ziguse chuma, kwa kuwa kufuata nyuzi mbao haitembei. Ikifanyika Mei, mbao ikiwa imeshiba, kipande hukatwa kibane pande zote nne, kwa sababu kutoka hapo kitasinyaa tu. Ncha hupakwa epoksi nyembamba kabla ya kupachikwa, kibano hufungwa kwa nguvu ya vidole na si ya spana, na msasa wa mwisho hupita juu ya mbao na chuma kwa pamoja siku ya tatu, kufuata nyuzi.